Adabu ya Kuzuru Visiwa vya Mto

Kila mahali pazuri duniani pana walinzi wawili. Wa kwanza ni umbali, na wa pili ni adabu ya wanaofika. Umbali hufanya kazi yake bila mshahara na bila kulala. Msitu ulio safari ya siku kumi kutoka mjini husalimika si kwa sababu watu wa mjini ni wema, bali kwa sababu miguu yao huchoka kabla ya shoka kufika. Lakini msitu ulio ng'ambo ya mkono mmoja wa mto, mbele ya macho ya mji, ambako mtu aweza kwenda kwa mtumbwi asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri, umekwisha kupoteza mlinzi wake wa kwanza. Umebakiwa na wa pili tu, na huyo hana rungu wala bunduki. Makao yake ni moyo wa mgeni. Basi swali lenye kustahili kuulizwa ni hili: mtu anayezuru kisiwa chenye miti kilicho karibu na mji anadaiwa nini, na ni nani anayemdai?

Wako watakaosema kwamba swali hili ni dogo. Kuzuru, watasema, ni starehe ya saa chache. Mtu huvuka, hukaa kivulini, husikiliza ndege, kisha hurudi kwake. Hakuiba wala hakupiga mtu. Deni latoka wapi? Jibu la kwanza limo katika lugha yenyewe. Kiswahili hakimjui mgeni asiye na mwenyeji. Neno moja likitajwa, la pili linafuata, kama vile mtu hawezi kutaja mume pasipo kukiri kwamba yuko mke. Atokaye kwake na kwenda mahali, hata pakiwa pakiwa, amejitia katika uhusiano na wenyeji wa mahali pale: waliopo, waliokuwapo na watakaokuwapo. Na uhusiano huo una mlango, na mlango wake una neno lake, yaani hodi.

Hodi si salamu tu. Ni ungamo. Asemaye hodi anakiri kwamba yuko nje, kwamba ndani pana mwenyewe, na kwamba mwenyewe ana hiari ya kujibu ama kunyamaza. Kwa desturi ya pwani hodi hupigwa mara tatu. Ikiwa hapana jibu, mtu wa heshima hugeuka akaenda zake, wala hafanyi kinyongo. Desturi hii ni fupi, lakini ndani yake mna falsafa nzima ya kuzuru. Haki ya kubisha ni ya kila mtu. Haki ya kuingia hutolewa. Ambaye hawezi kurudi mlangoni bila hasira hakuja kuzuru, alikuja kutwaa.

Sasa fikra hii na ipimwe kwa mto. Mto Kagera huanza kuitwa mto mkubwa pale maji ya Nyabarongo na Ruvubu yanapokutana, juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo. Kutoka hapo huelekea kaskazini, ukigawa Tanzania na Rwanda, na katika safari hiyo hupita magharibi mwa nchi ya Karagwe na Kyerwa. Baadaye hugeuka mashariki karibu na Murongo, mahali ambapo Tanzania na Uganda hutazamana, na mwishowe humwaga maji yake katika ziwa Victoria. Sehemu ya Karagwe na Kyerwa si mto wa kingo mbili zilizo wazi. Ni bonde pana la mafunjo, lenye maziwa mengi yaliyoshikamana nalo, na mkondo hupita katikati kama mtu anayetafuta njia ndani ya shamba la mtama. Katika mafunjo hayo viko visiwa. Vingine ni vya majani yaliyofumana tu. Vingine ni vya ardhi imara, navyo vina miti. Kiboko hulala huko mchana, na nzohe, yule paa wa majini mwenye kwato ndefu, hujificha mahali ambapo simba hawezi kukanyaga. Moto wa mwituni, ambao kila kiangazi hupanda na kushuka vilima, hufika ukingoni ukafa. Maji yamekuwa kwa miti hiyo kama boma.

Karibu na bonde hilo ulikuwako mji. Haukuwa mji wa mawe, wala haukuwa na mnara. Lakini mji ni mahali ambapo amri hutoka na habari huingia, na kwa kipimo hicho Bweranyange, makao ya Omukama wa Karagwe, ulikuwa mji. Karne ya 19 ilipokuwa imepita nusu, kiti hicho kilikaliwa na Rumanyika, mwana wa Ndagara. Wafanya biashara Waarabu na Waswahili walikuwa na makao yao Kafuro, si mbali na ikulu, wakinunua pembe na kuleta nguo na shanga. Walikaa kwa idhini. Waliijua desturi ya hodi, maana ndiyo waliyolelewa nayo, na Omukama alijua namna ya kuijibu.

Mwezi wa Novemba 1861 walifika wageni wa namna nyingine, John Hanning Speke na James Augustus Grant, Waingereza wawili waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Njiani watawala wengi walikuwa wamewatoza hongo na kuwachelewesha. Rumanyika hakufanya hivyo. Aliwapokea kwa wema, akawapa chakula, akawauliza maswali ya mtu mwenye akili kubwa juu ya dunia na mataifa, akawaachia watazame nchi yake. Speke mwenyewe alimsifu sana katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863. Grant alipougua mguu, aliachwa Karagwe kwa miezi kadhaa, Speke alipoendelea na safari yake kwenda Buganda mwezi wa Januari 1862. Na mgonjwa yule alitunzwa mpaka alipoweza kusafirishwa. Mwenyeji alitimiza wajibu wake wote, na zaidi.

Wageni je? Yako mambo mawili katika habari yao yenyewe ambayo yafaa kufikiriwa. La kwanza ni ziwa lililo chini ya ikulu. Walipolitazama, na vilima vinavyolizunguka, walikumbuka ziwa moja la kwao Uingereza, ambalo nalo lina visiwa vyenye miti, wakaliita ziwa la Karagwe Windermere Ndogo. Hakuna uovu katika kukumbuka nyumbani. Msafiri asiyekumbuka kwao huenda hana kwao. Lakini jicho linalosema, «hiki ni kama kile changu», limekwisha kufunga nusu yake. Linaona kinachofanana na kuacha kisichofanana; na yamkini kisichofanana ndicho mwenyeji anachokipenda. Jina lile halikushika midomoni mwa watu wa Karagwe, maana jina ni kama mche: haumei katika udongo usiouhitaji.

La pili ni zito zaidi. Katika jamaa ya kifalme ya Karagwe wanawake walinenepeshwa kwa maziwa, na unene ule ulikuwa heshima, ishara ya ng'ombe wengi na nyumba yenye neema. Speke alipomzuru shemeji mmoja wa Omukama, alimpima mwili wake, kiungo kwa kiungo, akaandika hesabu, na hesabu zile akazichapisha kwao zisomwe na watu ambao yule mwanamke hakuwajua wala hakuwapa ruhusa. Yeye mwenyewe aliona kwamba anatafuta elimu. Elimu ni jambo jema, na vipimo ni sehemu ya elimu. Lakini mgeni aliyekaribishwa kitini akaondoka na vipimo vya mwenyeji wake amechukua kitu ambacho hakikuwa katika sinia. Huo ndio mpaka usioonekana baina ya kutazama na kutwaa. Hauvukwi kwa mguu. Huvukwa kwa nia.

Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley. Naye alipokewa vyema na Rumanyika, ambaye sasa alikuwa mzee. Stanley alikuwa na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi, na kwa mashua hiyo, pamoja na mitumbwi ya Omukama, aliingia katika mkondo wa Kagera na maziwa yake. Alipita baina ya mafunjo akafika ziwa Ihema, ambalo leo limo katika hifadhi ya Akagera upande wa Rwanda, akalala katika kisiwa kilichomo humo. Ndiyo safari ya kuzuru visiwa vya Kagera iliyo mashuhuri kuliko zote katika vitabu. Lakini jambo lake kubwa si kufika. Jambo lake kubwa ni kwamba alipotaka kushuka ng'ambo ya pili, wenyeji wa huko walimkatalia, naye akarudi.

Waandishi wengi wa zamani waliliona tendo la wale wenyeji kuwa ukatili wa watu wasiopenda wageni. Hukumu hiyo yafaa ichunguzwe tena. Upande mmoja wa maji yale yale alikuwako Rumanyika, aliyefungua mlango. Upande wa pili walikuwako watu waliofunga. Kama kufungua kwa Rumanyika kulikuwa fadhila, basi ilikuwa fadhila kwa sababu aliweza kufunga na asifunge. Mlango usioweza kufungwa si mlango, ni tundu. Asemaye kwamba wenyeji wema ni wale wanaokubali tu, amelivunja neno karibu likabaki bila maana. Ukarimu wa Karagwe na ukatavu wa ng'ambo vilitoka katika haki moja. Stanley aliporudi kutoka Ihema, ijapokuwa kwa kunung'unika, aliitii haki hiyo, na siku ile alikuwa mgeni zaidi kuliko siku nyingi nyingine za safari zake.

Maana miezi kumi tu baadaye, mwezi wa Januari 1877, mtu huyo huyo na mashua hiyo hiyo walikuwa katika mto mwingine. Pale Kongo inapopita juu ya maporomoko saba, kabla ya kugeuka na kuwa mto mpana wa mashua, viko visiwa vyenye misitu minene, na watu wavuvi waliokuwa wakikaa humo hawakumtaka. Walipiga ngoma, wakatoka kwa mitumbwi. Safari hii hodi haikusubiri jibu. Alipita kwa bunduki. Maporomoko yakapewa jina lake, na mji uliokua chini ya poromoko la mwisho ukaitwa Stanleyville, mpaka ulipoitwa Kisangani mwaka 1966. Kiswahili nacho kilifika huko katika zama hizo, kwa vinywa vya watu wa Tippu Tip, nao hawakuwa wageni wa kusifiwa. Mji ule unakisema mpaka leo. Basi si vibaya kusema juu yake kwa Kiswahili, na kuupima kwa neno la Kiswahili.

Juu kidogo ya maporomoko ya Wagenia, ambako wavuvi hutega matega yao makubwa ya miti katika maji yanayochemka, kiko kisiwa kiitwacho Mbiye. Kina urefu wa kilomita 14 hivi, nacho ni kama kitongoji cha Kisangani kilichozungukwa na maji. Ndani yake mna msitu wa asili, na wanavyuo wa Kisangani wamekuwa wakivuka kwenda kujifunza miti yake, ile ya nchi kavu na ile inayosimama majini wakati wa mafuriko. Misitu ya namna hiyo karibu na mji imekwisha kukatwa. Ya Mbiye ilisalia kwa sababu ya mkono wa mto, na mkono wa mto si mpana. Watu huvuka pia kutafuta kuni, kuchoma makaa na kulima mihogo. Wapo pia wanaokaa humo na ambao kwao kisiwa si matembezi bali ni nyumbani.

Hapa hoja yenye nguvu kuliko zote husimama na kudai isikilizwe. Mwenye njaa atauliza: ni nani huyu anayeniambia nisiukate mti? Yeye huja Jumapili, tumbo limeshiba, huutazama mti akasema ni mzuri, kisha hurudi mjini kula chakula kilichopikwa kwa makaa. Mimi huja Jumatatu kutafuta makaa hayo. Mti mmoja, watu wawili; mmoja huitwa mpenda maumbile, wa pili huitwa mharibifu. Lakini moshi wa jiko la wa kwanza umetoka katika shoka la wa pili.

Hoja hii haiwezi kujibiwa kwa kusifu uzuri. Uzuri ni haki ya kila mtu, lakini haujapata kuchemsha sufuria. Wala haiwezi kujibiwa kwa kusema kwamba mkata kuni hana adabu. Mara nyingi anao ujuzi wa kisiwa kuliko mtalii na mwanachuo kwa pamoja, na anajua mti upi hutoa dawa na upi huvunja shoka. Jibu la haki lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kwamba haja ina mpaka na tamaa haina. Mtu akatae kuni za jiko lake kwa ajili ya nani? Lakini mji mzima ukila kisiwa kimoja, kisiwa kitakwisha, na siku ya pili ya kwisha kwake mkata kuni atakuwa wa kwanza kulia, naye mwenye jiko la mjini atanunua makaa kutoka mahali pengine. Maskini, basi, ndiye anayenufaika kwanza na kisiwa kinachodumu, kama ndiye anayeumia kwanza kwa kukatazwa. Sehemu ya pili ni kwamba anayetaka mti usimame, na usimame kwa ajili ya furaha yake, lazima alipe kivuli anachokikalia. Kumwomba jirani asivune, nawe usimpe kitu, si ulinzi wa maumbile. Ni kukopa kwa mtu asiyekuwa nacho. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema methali. Ikiwa mgeni anakuja na mwenyeji hapati nafuu, methali imesemwa nusu.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, katika maji ambayo Kagera humwaga. Mji wa Mwanza una kisiwa kidogo cha mawe na miti, ambacho mtu aweza kukiona akiwa ameketi pwani ya mji, na kukifikia kwa mashua kwa dakika chache. Mwaka 1964 palifanywa bustani ya wanyama hapo, ya kwanza katika nchi, na mwaka 2013 pakawa hifadhi ya taifa, iliyo ndogo kuliko zote za Tanzania. Watu wa mjini huvuka na watoto wao, hutazama pimbi juu ya majabali, hula, hurudi. Kisiwa hicho huitwa Saanane. Si jina la mfalme wala la mvumbuzi. Ni jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa mwenye kisiwa kabla ya serikali kukitwaa.

Yafaa kutua juu ya jina hilo. Kumhamisha mtu kutoka kwake, hata kwa manufaa ya wengi, ni jambo ambalo halifutiki kwa kulitaja jina lake. Jina si shamba, halilimwi. Walakini jina lina kazi moja ambayo sheria haiwezi kuifanya: kila mgeni anapouliza, «Saanane ni nani?», jibu humjulisha kwamba alipo palikuwa pa mtu. Hifadhi nyingi duniani huwafanya wageni waamini kwamba msitu ulikuwako peke yake tangu kuumbwa, ukingoja kutazamwa. Kisiwa cha Mwanza, kwa jina lake tu, humkataza mgeni uongo huo. Huyo aliyekwisha ondoka bado anasimama mlangoni, na kila avukaye anabisha kwake, ajue asijue. Pakiwa na tofauti baina ya Windermere Ndogo na Saanane, ni hii: jina la kwanza lilimkumbusha mgeni kwao, na la pili humkumbusha kwa mwenyewe.

Ingalikuwa rahisi kuishia hapo, kama mto ungekuwa njia ya watalii peke yao. Lakini Kagera una kumbukumbu nyingine, na insha juu ya kuuzuru isiyoitaja ingekuwa imeuzuru nusu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakati mauaji ya Rwanda yakiendelea. Na Karagwe nayo ilipokea makambi ya wakimbizi. Katika majuma yale yale mto ulichukua maiti za waliouawa, ukazipitisha katikati ya mafunjo na visiwa mpaka ziwani, na watu wa kando ya ziwa wakazitoa majini na kuzizika. Hao ni wageni wasiopiga hodi. Mmoja alikimbia na mwingine alikufa. Adabu iliyotakiwa siku hizo haikuwa ya mgeni, ilikuwa ya mwenyeji. Na masikini wa kijijini aliyemzika mtu asiyemjua jina alitimiza sharti la ugeni kuliko wasafiri wote waliowahi kuandika vitabu juu ya mto huo.

Kumbukumbu hiyo haimkatazi mtu kufurahia mto. Hakuna mto duniani usio na huzuni, na mwanadamu angengoja mahali pasipo huzuni asingetoka nyumbani. Lakini inamkataza kudhani kwamba uzuri anaouona ndio habari yote. Maji ya Kagera yanapong'aa jua linapotua nyuma ya vilima vya Rwanda, mng'ao huo ni kweli. Yaliyopita humo nayo ni kweli. Mgeni mwenye adabu hubeba kweli zote mbili katika mtumbwi mmoja, na mtumbwi haupinduki.

Leo Karagwe na Kyerwa ni wilaya mbili, tangu Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012. Mwaka 2019 mapori yaliyokuwa ya akiba yalipandishwa cheo: Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe yakawa hifadhi za taifa, na la pili linachukua jina la yule Omukama aliyejua kufungua mlango. Hiyo ni heshima iliyo mahali pake. Hapana mji mkubwa bado kando ya mafunjo. Lakini Kayanga inakua, Omurushaka inakua, Murongo ni mji wa mpakani wenye shughuli nyingi, na barabara hufupisha kila mwaka kile ambacho umbali ulikilinda. Mkulima wa migomba na kahawa, mchimba bati wa Kyerwa, mfanya biashara wa mpakani, mwanafunzi na mtalii wote wanakuja karibu na maji. Mlinzi wa kwanza wa visiwa anazeeka. Siku atakapostaafu, kitakachobaki ni kile ambacho watu watakuwa wamefundishana kabla.

Na hicho hakiwezi kuletwa na askari peke yake. Askari wa hifadhi hulinda mpaka. Hawezi kulinda nia. Mtu aliyezuiwa na askari hungoja askari alale. Mtu aliyezuiwa na staha hana wa kumngojea alale, maana mlinzi wake huamka naye. Mafunzo ya namna hiyo huanza utotoni, wala hayahitaji elimu mpya. Mtoto wa Kinyambo hufundishwa kutopita katika kibanja cha jirani bila kusalimu, hata kama jirani hayuko na migomba ndiyo inayosikia. Kinachotakiwa ni kulichukua fundisho hilo likavuke maji: kwamba kisiwa nacho ni kibanja, kwamba nzohe na ndege ni wenyeji wa aina yao, kwamba mvuvi aliyetangulia ana haki isiyofutwa na tiketi, na kwamba watoto ambao hawajazaliwa ni wenyeji wa kesho, ambao hawawezi kuitika hodi leo, na kwa hiyo wanahitaji mgeni mwenye kuwakisia jibu.

Wasioitika ndio mtihani wa mwisho wa kuzuru. Rumanyika aliitika, na Speke alijua pa kuingia. Watu wa ng'ambo ya Ihema waliitika kwa kukataa, na Stanley alijua pa kurudi. Lakini mti hauitiki. Maji hayaitiki. Aliyehama na aliyekufa hawaitiki. Mbele ya ukimya kama huo mtu hujifunua alivyo. Aliye mwepesi husema: kimya ni ruhusa. Aliye mwungwana hukumbuka desturi ya mlangoni, kwamba kimya baada ya hodi ya tatu si ruhusa. Huweza basi kuingia kwa kiasi cha mtu anayeingia nyumba ambayo wenyewe wametoka kidogo: hukaa ukumbini, hafungui masanduku, hainui mkeka, na aondokapo huacha kila kitu mahali pake, kwa kuwa wenyewe watarudi.

Mji unaoweza kuwa na msitu mbele ya macho yake, ng'ambo ya maji ambayo mtoto aweza kuyavuka, na miaka ikapita na msitu ukawa umesimama na majirani wake wameshiba, mji huo hauhitaji ushahidi mwingine wa ustaarabu wake.